Lenzi laini za zamani kwa kamera kubwa: kuzichagua, kuzinunua na kuzitumia Lubumbashi

Picha iliyopigwa kwa lenzi laini hubeba picha mbili kwa pamoja. Ya chini ni kali, unaweza kuhesabu kope za jicho. Juu yake imetandazwa ya pili, iliyotawanyika, inayomwaga mwanga kutoka sehemu nyeupe kwenda kwenye giza linalozizunguka. Zikikaa kwa kipimo, uso unang'aa na macho yanabaki macho. Ile kali ikikosekana, ulichonacho ni picha iliyokosa fokasi, na hiyo lenzi yoyote itakufanyia bure. Unaponunua, unapofokasi na unapopanga mwanga, kwanza itafute hiyo picha kali ya chini.

Mwanga unaopita katikati ya lenzi hukutana nyuma kidogo. Unaopita pembezoni hukutana karibu zaidi na lenzi. Lenzi za kawaida zimesahihishwa ili tofauti hiyo iishe. Kwenye lenzi laini iliachwa makusudi, tena kwa kupimwa. Mwanga wa katikati unachora kiini, wa pembezoni unatandaza mng'ao. Ukifunga diafragma, yaani tundu la lenzi linalopanuka na kubana, unaukata ule wa pembezoni na ulaini unapungua, kwa hiyo diafragma ndiyo usukani wa ulaini. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kwa lenzi nyingi za f/4, ikiwa wazi kabisa ulaini ni mwingi kiasi kwamba sura hupotea. Kati ya f/5.6 na f/6.3 ndipo nyuso nyingi hupendeza. Kwenye f/8 mng'ao hubaki kwenye ncha za mwanga tu, na kuanzia f/11 una lenzi ya kawaida mkononi.

Ipi utafute

Kwa anayeanza, tafuta Wollensak Verito. Ilitengenezwa Rochester, Marekani, kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, na zilitoka nyingi, kwa hiyo bado zinapatikana. Ni ya f/4. Yenye urefu wa fokasi wa inchi 8¾ (milimita 222) inafaa filamu ya inchi 4×5 na hata 5×7. Inchi 11½ (mm 292) ni ya 5×7 na kidogo zaidi. Inchi 14½ (mm 368) ni ya 8×10. Kabla hujaitamani hiyo ya mwisho, piga hesabu: 368 ukigawa kwa 4 ni mm 92 za kioo, na shaba yake ya kuibeba. Kamera nyepesi ya mbao itainamisha kichwa. Ndugu yake wa baadaye, Veritar ya f/6, ni ndogo, ina vioo vilivyopakwa tabaka la kuzuia mwanga kuakisika, na mara nyingi huja na shata yake, yaani kifuniko kinachofunguka na kufunga kwa muda uliopimwa. Ulaini wake ni wa adabu zaidi.

Kodak Portrait ya mm 305, f/4.8, na ya mm 405, f/4.5, ni vioo viwili tu vilivyogandishwa pamoja, vikiwa na shata kubwa ya Ilex. Muundo ni rahisi na hakuna kikubwa cha kuharibika. Kwa anayetaka shata inayofanya kazi na hataki kuhangaika na mafundi, hii ndiyo chaguo letu la kwanza, hata mbele ya Verito.

Imagon ya Rodenstock ni mnyama mwingine. Ilizaliwa kutokana na kazi ya mpiga picha wa Austria Heinrich Kühn pamoja na mtengeneza lenzi Franz Staeble, na Rodenstock ya München ikaanza kuiuza miaka ya 1930. Badala ya diafragma, mbele yake huwekwa diski yenye tundu kubwa katikati na matundu madogo kuizunguka. Ukizungusha ukingo wa diski, matundu madogo yanafunguka au yanafumba, na hivyo unaongeza au kupunguza mng'ao bila kugusa kiini. Vipimo vyake vimeandikwa kwa herufi H, kwa mfano H 5.8 hadi 7.7 kwenye diski moja, 7.7 hadi 9.5 kwenye nyingine. Fujinon SF za Japani zinatumia wazo hilohilo. Bila diski zake, Imagon si Imagon tena. Muuzaji akisema diski zimepotea, bei ishuke sana au uachane nayo.

Juu zaidi zipo Cooke za Taylor, Taylor & Hobson wa Leicester, zenye ringi ya kusogeza kioo na kubadili ulaini; Eidoscop ya Hermagis wa Paris; Nicola Perscheid ya Emil Busch; na Pinkham & Smith wa Boston, ambazo Cooke iliiga tabia ya mojawapo katika PS945 ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni lenzi nzuri sana, na bei zake ni za wakusanyaji. Picha ya kwanza haihitaji hizo.

Tahadhari na Petzval, muundo wa kale wa lenzi za picha za watu. Wauzaji wengi huiandika kuwa ni lenzi laini. Petzval ya kawaida ni kali katikati na inazungusha mandhari pembeni. Hilo ni jambo lingine. Iliyo tofauti ni Patent Portrait ya Dallmeyer ya mwaka 1866, ambayo ukifungua kioo cha nyuma kwa mizunguko kadhaa inaanza kulainika. Na ukitafuta mtandaoni usishangae kukuta lenzi zimeandikwa Congo: ni chapa ya Yamasaki wa Japani, haina undugu na sisi, ila walitengeneza lenzi laini pia na si za kudharau.

Jaribu kwa kioo cha miwani kwanza

Kabla ya kutuma dola Ulaya, nenda duka la miwani mjini, omba kioo kizima cha +3.00 ambacho hakijakatwa, chenye kipenyo cha mm 65 au 70, kisicho na rangi. Dayopta 3 ni mm 333 za urefu wa fokasi. Kikate kipande cha bomba la plastiki, kiweke kioo nyuma, upande uliobonyea ukitazama mbele kwa anayepigwa picha, na mm 50 mbele yake weka kipande cha kadibodi nyeusi chenye tundu. Tundu la mm 60 ni f/5.6, mm 42 ni f/8, mm 30 ni f/11, mm 21 ni f/16. Paka bomba rangi nyeusi isiyong'aa ndani, la sivyo mwanga utarukaruka humo na kukuletea ukungu, halafu utadhani ndio ulaini.

Kioo kimoja namna hii hakijasahihishwa rangi. Bluu inakutana karibu na lenzi kuliko manjano, kwa takriban sehemu moja ya 50 ya urefu wa fokasi. Jicho lako linafokasi kwa manjano na kijani. Karatasi ya picha, ambayo wengine huiweka mahali pa filamu, inaona bluu kuliko rangi nyingine. Kwa kitu cha mbali, tofauti ni karibu mm 7. Kwa uso unaopigwa kwa robo ya ukubwa wake halisi, inafika mm 11. Kwa hiyo ukitumia karatasi, fokasi kwa jicho, kisha rudisha lenzi nyuma mm 11 kuelekea filamu. Au fokasi kupitia kichujio cha bluu iliyokolea, ukiweza kuvumilia giza lake. Kasoro hiyohiyo utaikuta kwenye lenzi za kale za kioo kimoja kama Struss Pictorial. Verito, Kodak na Imagon zimesahihishwa rangi, hazihitaji hesabu hii.

Ukipiga mara kadhaa kwa kioo cha miwani na ukaona haikuvutii, umeokoa hela.

Maswali kwa muuzaji

Lenzi nyingi zitatoka Marekani, Ujerumani, Ufaransa au Ubelgiji. Mwenye ndugu Brussels anaweza kumwomba apite soko la vitu vya zamani la Place du Jeu de Balle, lakini ampe picha ya anachotafuta, maana meza zile zimejaa lenzi za projekta ambazo kwa nje zinafanana na lenzi za picha.

Omba picha ya lenzi ikiwa imeshikwa mbele ya dirisha, na nyingine tochi ikimulika kutoka nyuma. Ya pili ndiyo inayosema ukweli. Mikwaruzo midogo ya kufutwafutwa haitaonekana kwenye picha laini. Vipovu ndani ya kioo cha zamani ni kawaida. Gundi iliyoanza kuachana pembeni, inayoonekana kama rangi za upinde wa mvua au kingo za manjano, inavumilika ikiwa haijafika katikati. Usiyoweza kuvumilia ni ukungu mweupe uliotanda kioo kizima: huo haumwagi mwanga kutoka sehemu nyeupe, unachafua picha yote sawasawa na kuua weusi. Mtu asiyejua ataona picha ya mfano ya muuzaji na kusema inang'aa vizuri. Tazama sehemu nyeusi za picha hiyo, nywele au koti. Weusi ukiwa kijivu hata mbali na mwanga, lenzi ni chafu.

Kisha uliza haya: diafragma inafunguka na kufunga yote, bila mafuta kwenye majani yake? Namba ya mbele na ya nyuma zinafanana, au vioo vimeunganishwa kutoka lenzi mbili? Ringi ya kufungia lenzi kwenye ubao wa mbele wa kamera ipo? Shata kwa sekunde 1 inachukua sekunde 1 kweli, au inakwama? Kwa Verito yenye shata ya studio ya kupuliza kwa mpira, uliza kama bomba la hewa bado linashika upepo. Kwa Cooke, ringi ya ulaini inazunguka au imeganda? Akikujibu "sijui, ni ya babu yangu", basi bei nayo iwe ya babu.

Kuisafirisha ni kazi ya kumwekea mtu sharti mapema. Vifuniko mbele na nyuma, lenzi ifungwe kwenye kitambaa laini, iingie kwenye boksi dogo, na boksi dogo ndani ya kubwa likiwa na angalau sentimita 5 za kitu laini kila upande. Diski za Imagon zifungwe peke yake. Zikigongana na kioo zinakikwaruza. Anayekuja kwa ndege aibebe mkononi.

Ringi na ubao

Lenzi nyingi za zamani huja bila ringi, na hapa Lubumbashi ina bahati. Mji uliojengwa juu ya migodi haukosi wakereza vyuma. Kila turneri mzuri anaweza kukukerezea ringi ya shaba ya manjano au ya alumini. Chuma usikitumie, kizito, na kinakula meno laini ya skrubu kwenye shaba ya lenzi.

Shida iko kwenye meno. Pima kipenyo cha nje cha meno kwa kaliper, mahali patatu tofauti, maana mwili wa lenzi huenda ulishaanguka na kupinda. Kisha hesabu meno mangapi yamo ndani ya mm 25.4. Lenzi za Marekani na Uingereza zimekatwa kwa inchi. Ukihesabu 24, hatua yake ni mm 1.058, na turneri aliyezoea metriki atakukatia mm 1. Itaingia mzunguko wa kwanza, wa pili itakaza, wa tatu itakwama. Ukihesabu 32, hatua ni mm 0.794, na hatua ya mm 0.8 inatosha kabisa kwa mizunguko mitatu au minne unayohitaji. Kwa hiyo kabla ya kukubaliana bei muulize: mashine yako inakata meno ya inchi? Kama haikati, achana na meno. Akukereze ringi laini isiyo na meno, pana kuliko lenzi kwa mm 0.2, iliyopasuliwa upande mmoja na kukazwa kwa skrubu moja ya M4, na ndani gundisha utepe mwembamba wa ngozi. Inashika vizuri na haiumizi lenzi.

Jambo moja usilikubali: fundi kuifunga lenzi yenyewe kwenye taya za mashine ili "apime vizuri". Mwili wa shaba ni mwembamba na taya zitaufanya yai. Mpe vipimo na ringi ya mfano, lenzi ibaki kwako.

Ubao wa lenzi ni plaiwudi ya mm 6. Toboa, piga msasa, paka rangi nyeusi isiyong'aa upande wa ndani, na ukingoni gundisha kitambaa cha kuzuia mwanga.

Hakikisha pia mvukuto wa kamera unatosha. Kwa uso na mabega, kwa robo ya ukubwa halisi, lenzi ya mm 300 inahitaji mm 375 kutoka lenzi hadi filamu. Speed Graphic, kwa mfano, kamera ya zamani ya waandishi wa habari ya Marekani, mvukuto wake ni takriban sentimita 30. Hiyo lenzi haitafika karibu. Verito ya mm 222 inahitaji mm 278, inafika.

Bila shata

Lenzi isiyo na shata inatumika kwa njia tatu. Ya kwanza ni kofia ya lenzi: unatoa, unahesabu, unarudisha. Inafaa kuanzia sekunde 2. Chini ya hapo mkono haueleweki. Ya pili ni shata ya Packard, ya kupuliza kwa mpira, inayofungwa nyuma ya ubao au mbele ya lenzi; zenye pini ya kupiga mara moja hutoa takriban 1/25 ya sekunde. Tundu lake liwe pana kuliko kioo, vinginevyo linageuka kuwa diafragma usiyoijua. Ya tatu ni kamera yenye pazia mbele ya filamu, kama hiyo Speed Graphic.

Mchana nje, f/5.6 ni mwanga mwingi mno kwa njia mbili za kwanza. Nunua kichujio cha kijivu kinachokata mara 8, na kwa jua la Septemba, viwili.

Kufokasi

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Kioo cha kulengea, wengine wanakiita depoli, kikiwa na lenzi laini kinaonyesha picha ambayo haionekani kamwe kuwa kali. Unasogeza mbele, unasogeza nyuma, zote zinaonekana sawa.

Dawa yake ni tochi ndogo ya LED. Mwombe anayepigwa picha aishike kwenye shavu, usawa wa jicho, ikikutazama. "Mama, shikilia hapo kidogo, usipepese." Kwenye depoli, kwa kioo cha kukuzia, utaona nukta iliyozungukwa na duara la mwanga. Anza lenzi ikiwa karibu mno na depoli, kisha iondoe polepole. Kwanza unaona doa kubwa lenye ukingo mkali, linakusanyika, halafu katikati inatokea nukta ndogo kama ncha ya sindano, na duara hafifu linabaki nje. Simama hapo. Ukiendelea, nukta inavunjika na kiini kinapotea. Ukisimama mapema, kwenye doa dogo lisilo na nukta, picha itaonekana laini sawasawa bila kitu kikali chini, na ndiyo makosa tunayoona mara nyingi zaidi.

Fokasi kwa diafragma utakayopigia. Kwa lenzi hizi fokasi inahama: ukifokasi kwa f/4 kisha ukafunga hadi f/8, mwanga wa pembezoni ulioivuta fokasi karibu na lenzi umeondoka, na ukali umerudi nyuma. Macho uliyoyalenga yatakuwa hafifu na kitu kingine kitakuwa kikali mahali pake. Wanaofokasi kwa lenzi wazi ili waone vizuri, kama walivyozoea kwenye lenzi za kisasa, watalaumu lenzi bure.

Kwa Imagon, diski iwe mahali pake, matundu madogo yakiwa katika hali utakayopigia, na diafragma ya shata iwe wazi kabisa. Ukiifunga diafragma hiyo unaziba matundu ya pembeni, na diski haina kazi tena. Tazama pia mandhari ya nyuma: jua likipenya majani ya mwembe litachora maua ya matundu ya diski kila mahali. Wapo wanaoyapenda, lakini kwa picha ya mama mzazi ya kutundika sebuleni, tafuta ukuta.

Mwanga

Mng'ao unatoka kwenye nyeupe na kuingia kwenye nyeusi. Pasipo nyeupe hakuna cha kumwagika, na pasipo nyeusi hakuna pa kumwagikia. Mwanga sawasawa wa siku ya mawingu, unaowafaa wapiga picha wengine, hapa unatoa uji. Panga upande wa kivuli cha uso uwe stopu 2 hadi 2½ chini ya upande wa mwanga ukipima kwa mita ya mwanga (kila stopu ni mwanga kupungua kwa nusu). Kwenye filamu itaonekana kama moja na nusu, kwa kuwa mng'ao unajaza kivuli. Mandhari ya nyuma iwe nyeusi au kahawia iliyokolea.

Kwa ngozi nyeusi lenzi hizi zinafanya kazi nzuri kuliko vitabu vya zamani vya studio vinavyodai, ila chanzo cha mng'ao ni kingine. Ngozi yenyewe haimwagi mwanga. Kinachomwaga ni kung'aa kwake, kwenye paji la uso, mfupa wa shavu, daraja la pua. Usipake poda ya kuondoa mng'aro. Kinyume chake, mafuta kidogo ya kujipaka, yaliyosuguliwa hadi yasionekane, na dirisha moja likitokea pembeni kwa pembe ya digrii 60 hivi, yanachora mstari mwembamba wa mwanga ambao lenzi itaupanua. Mafuta yakizidi, mstari unakuwa doa jeupe.

Nguo pia inaamua. Kikwembe chenye maua madogo meupe juu ya rangi nzito kinapendeza mno. Gauni jeupe la arusi linamwagika hadi shingoni. Funga hadi f/8 au geuza bibi arusi bega liwe kivulini.

Kuhusu dirisha: Lubumbashi iko karibu digrii 11.7 kusini mwa ikweta. Kiangazi, Mei hadi Agosti, jua liko kaskazini mchana wote, kwa hiyo dirisha au baraza inayotazama kusini inakupa mwanga tulivu kuanzia asubuhi hadi jioni, hata umeme ukikatika. Desemba jua la mchana limehamia upande wa kusini, na dirisha lilelile linapigwa na jua. Hamia upande wa kaskazini.

Filamu na muda

Filamu ya panchromatiki ya kawaida, inayoona rangi zote, haina usumbufu. Wengi hutumia filamu ya eksirei kwa bei yake: sentimita 18×24 inaingia kwenye kaseti za ukubwa huo moja kwa moja, 24×30 unaikata. Inayoona kijani kadiria ISO 80 (ISO ni wepesi wa kuhisi mwanga). Haioni nyekundu, hivyo unaikata chini ya taa nyekundu, lakini ngozi yetu yenye nyekundu nyingi inatoka nyeusi zaidi ya ilivyo. Ongeza stopu 1. Ina tabaka linalohisi mwanga pande zote mbili na haina kinga ya mwanga kurudi nyuma, kwa hiyo inaongeza mng'ao wake juu ya ule wa lenzi. Ukipenda f/5.6 kwa filamu ya kawaida, kwa eksirei anza na f/6.3.

Mfano wa hesabu. Dirishani, mita ya mwanga unaoangukia uso inasoma 1/8 ya sekunde kwa ISO 100, f/5.6. Kwa ISO 80 ni karibu 1/6. Mvukuto umerefushwa kwa robo, zidisha kwa 1.56 (yaani 1.25 × 1.25): inafika 1/4. Stopu ya ngozi: 1/2 ya sekunde. Kwa karatasi ya picha ya ISO 6, mwanga huohuo ni sekunde 3 kabla ya kuongeza chochote kwa ngozi, na 6 baada ya hapo. Kiti kiegemee ukuta na kichwa kiegemee kitu, ambacho kitafichwa na nywele au kilemba.

Usizidishe mwanga. Negativu iliyoungua inafanya mng'ao unene hadi ule kiini. Badala yake ongeza muda wa filamu kwenye dawa ya kuitoa picha kwa asilimia 15: dakika 8 ziwe 9 na sekunde 12. Hiyo inarudisha utofauti ambao lenzi imeupunguza. Filamu ya eksirei kwenye dawa ya Rodinal 1:100, digrii 20, anza na dakika 6 na utazame chini ya taa nyekundu. Oktoba maji ya bomba yatakuwa moto kuliko hapo; chupa ya barafu kwenye beseni la nje inatosha. Weka kioo cha dirisha chini ya trei, maana tabaka la chini linakwaruzika kwa kuguswa tu.

Negativu kali ukiilainisha wakati wa kuchapa haitoi picha hii. Kwenye mashine ya kukuzia kinachotawanyika ni mwanga unaopita sehemu nyembamba za negativu, yaani vivuli, kwa hiyo ni weusi unaomwagika kwenye nyeupe. Uso unachafuka.

Kuitunza

Masika, Novemba hadi Machi, kuvu huota ndani ya vioo vilivyofungiwa kwenye mkoba wa ngozi. Tumia boksi la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, na pakiti za silika jeli unazozikausha kwenye oveni ya moto mdogo rangi ikibadilika. Kiangazi vumbi jekundu linaingia kwenye meno ya ringi. Lisukume kwa brashi kavu kabla ya kufungua chochote, likisagwa linakula shaba. Vioo vingi vya zamani havina tabaka la kinga: puliza, kisha karatasi ya lenzi yenye tone la maji safi. Asetoni na spiriti visifike ukingoni mwa vioo vilivyogandishwa, vinayeyusha gundi. Joto nalo linailegeza, kwa hiyo lenzi isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata kwa muda wa kununua mkate.